Kalibu Hubaki kwa Mtengenezaji

Kwa miaka thelathini na minne Fundi Miguu alikuwa akiwatazama watu kuanzia chini kwenda juu. Ukiingia karakana yake hakukuangalia usoni kwanza. Aliangalia unavyokanyaga, kiatu kinavyolika upande mmoja, bega linavyoshuka. Uso aliufikia mwisho, na siku nyingine hakuufikia kabisa. Marehemu mkewe alizoea kumtania kwamba hata posa aliileta baada ya kuona alama za nyayo zake kwenye saruji mbichi, na yeye hakuwahi kukana.

Karakana ilikuwa vyumba viwili nyuma ya hospitali, dirisha likitazama mahali pa kufulia mashuka. Chumba cha kwanza kilikuwa na mashine ya kusagia, tanuri ya kulainishia plastiki na meza iliyojaa makovu ya msumeno. Chumba cha pili kilikuwa cha rafu, kutoka sakafuni mpaka darini, na juu ya rafu zilipangwa kalibu: mamia ya vigutu vya plasta nyeupe, kila kimoja na namba yake kwa wino mwekundu. Mgeni akikosea mlango akaingia humo bila kuonywa, alitoka mbio.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mtu aliyekatwa mguu hubaki na kigutu, na hakuna vigutu viwili vinavyofanana. Fundi alikizungushia bandeji ya plasta, ikikauka akaivua kama soksi, akaimiminia plasta nyingine ndani, akapata kalibu. Hapo ndipo ufundi ulipoanza. Alichonga kalibu kwa tupa, hapa akipunguza ili uzito wa mwili upate pa kukaa, pale akiongeza ili mfupa usisagike. Soketi ya mguu, yaani kile kikombe kigutu kinamoingia, ilifinyangwa juu ya kalibu hiyo. Ukikosea kwa unene wa ukucha tu, mtu anarudi baada ya wiki na kidonda, akiwa amebeba mguu kwapani.

Marekebisho hayo, apunguze wapi na kiasi gani, kwa mzito na mwembamba, kwa mwenye kovu bichi na mwenye kovu la zamani, aliyaandika kwenye daftari moja nene kwa penseli, kwa alama alizozibuni mwenyewe: nukta, vistari, visamaki vidogo. Hakuna mwingine aliyeweza kulisoma. Binti yake, aliyejifunza kazi hiyo tangu alipomaliza shule na mwenye mikono mizuri kuliko ya baba yake, alilifungua mara moja akalifunga, akasema baba ameandika kwa lugha ya mchwa.

Kisha macho yakaanza kumuaga. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kila mwezi dunia ilipungua pembeni kidogo. Fundi hakuwaogopea watu, maana aliwajua kwa nyayo. Aliliogopea daftari. Wakati huohuo binti alikuwa amekubaliwa kufungua karakana katika hospitali ya mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, ambako watu kumi na tisa walikuwa tayari wamejiandikisha, kumi na wawili kati yao watoto. Angekwenda na mikono yake mizuri, halafu akawatie watu vidonda?

Ndipo alipomkodi mtunga programu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, asiyeajiriwa na mtu, anayefanya kazi kwa makubaliano ya kazi moja moja. Kwa miezi mitano alikaa kwenye kigoda kando ya Fundi na kompyuta mapajani, akiuliza kila alama. Hii nukta ina maana gani? Na hii iliyo juu ya mstari? Fundi alimbandika jina Nukta, na yeye akalikubali. Alama nyingine Fundi mwenyewe alikuwa amezisahau, ikabidi ainamie karatasi mpaka pua iguse, akishaiona ndipo anakumbuka mguu wa nani ulimfundisha jambo lile. Mwisho wa miezi mitano programu ikawa tayari. Ulijaza vipimo, ukajaza uzito na umri wa kovu, ikakuchorea kigutu na kukuonyesha upunguze wapi. Fundi aliijaribu kwa wagonjwa wanne mfululizo, na hakuna hata mmoja aliyerudi na kidonda. Alimlipa Nukta malipo yake yote siku ileile, kwa furaha. Na daftari sasa lilikuwa giza tupu machoni pake.

Mkataba? Ulikuwepo, tena Fundi ndiye aliyeutoa. Siku ya kwanza Nukta alipouliza wataandikiana vipi, Fundi alivuta droo akatoa fomu ya karakana, ileile ambayo kila mgonjwa hujaza anapoagiza mguu. Alikata neno “mguu”, juu yake akaandika “programu ya vipimo”. Penye mteja akajiandika yeye, penye mtengenezaji akamwandika Nukta. Nukta aliisoma yote, taratibu, kama alivyosoma kila kitu, akatia saini. Fundi aliona ametumia akili sana. Karatasi ya bure, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Ugomvi ulianza pale binti alipokuwa akifunga mizigo. Programu ilikuwa imepimiwa watu wazima, na kigutu cha mtoto kinakua, hesabu zake ni nyingine. Nukta alikuwa ameshachukua kazi ya mwaka mzima mahali pengine, hana nafasi ya kuirekebisha. Basi Fundi akamwita, akamwomba amkabidhi msimbo, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, ili binti amtafute mtunga programu mwingine wa kuyageuza kwa ajili ya watoto. Nukta akasema atatengeneza nakala ya pili ya programu kwa karakana ya binti, hilo halina shida. Msimbo hautoki mikononi mwake.

Fundi hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku hiyo mafundi wa chumba cha jirani walimsikia.

“Nimekulipa mpaka senti ya mwisho. Mtu akilipia shati, mshonaji habaki na mikono ya shati.”

“Soma karatasi yako, Fundi,” Nukta akasema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Kusoma hakuweza, na kumwomba binti amsomee ilikuwa ni kukiri kwamba hawezi. Ujeuri wa mafundi wazee huo, wengine mnao majumbani. Akakaa na hasira yake siku tatu, akimwambia binti kwamba yule mwanamke ni mwizi wa kalamu, kaja kukalia kigoda ili aibe maarifa ya watu. Binti aliendelea kukunja nguo. Siku ya nne Fundi akachukua fomu akaenda kwa Wakili.

Wakili alikuwa mgonjwa wake. Miaka tisa nyuma alipoteza mguu wa kulia barabarani, na ule aliokuwa akitembelea ulitoka mikononi mwa Fundi. Akiwa ameketi kwenye benchi la nje ya ofisi, Fundi alimsikia akija kwenye korido kabla hajamwona: kisigino, kimya kifupi, kisha vidole. Hatua safi. Alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Akaeleza shauri lake lote. Wakili akasikiliza, akaisoma fomu, akaigeuza nyuma, akairudia mbele. Akamwambia mambo jinsi yalivyo. Mtu uliyemwajiri kwa mshahara akiandika kitu ndani ya kazi yake, kitu hicho kwa kawaida ni cha mwajiri. Lakini mtu wa nje uliyemkodi kwa kazi moja, kama hakuna maandishi yanayosema haki zinahamia kwako, alichokiandika kinabaki chake. Wewe umelipia kukitumia. Maarifa ya kwenye daftari ni yako, hakuna anayeyagusa. Maandishi ya programu ni ya aliyeyaandika.

Fundi akasema basi mkataba haukutaja kitu, labda hakimu atauona ukimya huo kwa jicho la huruma.

“Ingekuwa afadhali mkataba ungenyamaza,” Wakili akasema. “Huku chini kuna mstari. Nakusomea. Mguu ni mali ya mteja. Kalibu, pamoja na michoro yote iliyotumika kuutengeneza, hubaki mali ya mtengenezaji.”

“Mstari huo ni wa miguu.”

“Juu ulikata neno mguu ukaandika programu. Chini hukukata kitu. Mteja ni wewe. Mtengenezaji ni yeye.”

Mstari ule aliuagiza mwenyewe kwa mpiga chapa miaka mingi iliyopita. Aliyemfundisha kazi alikuwa akisema hivyohivyo kwa mdomo: mguu wa mgonjwa, kalibu ya fundi. Ndivyo walivyojilinda, maana ukiwa na kalibu fundi yeyote anaweza kunakili kazi ya mwenzake bila jasho. Kwa miaka yote hiyo hakuona ubaya ndani yake.

“Na mimi nilitia saini fomu kama hii,” Wakili akaendelea, sauti ikiwa ya chini. “Kalibu yangu iko wapi?”

“Rafu ya nne. Mia mbili na sita.”

“Nikiitaka?”

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliaga, akashuka ngazi akishika ukuta, na kabla hajafika chini alikuwa hamfikirii tena Nukta. Alimfikiria Mama Cherehani.

Mama Cherehani alikuwa mshonaji, na mguu uliokatwa, wa kushoto chini ya goti, ndio aliozoea kuanzia nao kukanyagia cherehani yake. Kigutu chake kilikuwa kigumu kuliko vyote ambavyo Fundi aliwahi kushika, mfupa ukichomoza pembeni na ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Walijaribu mara sita wakashindwa. Mara ya saba akasimama, akatembea mpaka dirishani, akaegemea kizingiti akalia. Miaka miwili baadaye alikuja kuaga. Mwanawe alikuwa anamchukua akaishi naye katika ule mji wa saa sita, na aliomba apewe kalibu yake, ili mguu ukichoka fundi wa huko asianze kuhangaika upya. Fundi alimwonyesha mstari wa chini wa fomu kwa kidole. Mama Cherehani aliusoma, akamrudishia karatasi.

“Haya, Fundi,” alisema. “Ila ujue umebaki na mguu wangu.”

Siku ile Fundi alicheka, akawasimulia wenzake. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita.

Asubuhi iliyofuata alimwambia binti waende wote huko. Akaitoa kalibu namba mia tatu na kumi na nne, akaifunga kwa taulo, akaipakata safari nzima. Abiria wa kiti cha pembeni alimuuliza mtoto ana umri gani. Akajibu miaka mitano, wala hakudanganya sana.

Walimkuta Mama Cherehani ameketi ukingoni mwa kitanda, akishona vifungo vya shati kwa mkono. Magongo mawili yalikuwa ukutani. Cherehani ilikuwa pale pembeni, imefunikwa kitambaa, na juu yake pamewekwa redio na chupa za dawa, kwa hiyo ilikuwa imegeuka meza tangu siku nyingi. Mguu aliotengenezewa na Fundi ulipasuka miezi michache baada ya kuhama. Fundi wa huko alijaribu mara mbili, mara mbili vidonda, mara ya pili akalazwa. Baada ya hapo mwanawe akamkataza.

Fundi akafungua taulo, akamwekea kalibu mikononi. Yule mama akaigeuza polepole, kama mtu anayeangalia picha yake ya ujana. Kisha akapandisha gauni akaonyesha kigutu, na Fundi, ambaye hakukiona vizuri, akakigusa kwa vidole akaelewa. Kilikuwa kimesinyaa. Karibu miaka mitatu bila mguu, nyama ilikuwa imekwenda zake, na kalibu ile haikuwa tena ya mtu yeyote aliye hai.

“Huyu si mimi tena,” Mama Cherehani akasema. “Ungenipa siku ile, ningekuwa natembea.”

“Nimekuja kukuomba radhi, mama.”

“Radhi nimekupa. Na mguu je?”

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumtoa mtu jasho mgongoni. Maji yakimwagika hayazoleki. Akapiga magoti sakafuni, akamwomba binti plasta waliyokuja nayo. Alimzungushia bandeji kwa kupapasa, akisema kwa sauti kila alichokigusa, na binti akiandika. Lakini kupima ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, kwa kigutu kilichosinyaa namna ile, chepesi kama cha mtoto, ilikuwa kwenye hesabu ambazo programu haikuwa nazo na kwenye daftari lisilosomeka tena.

Waliporudi alimwomba binti ampigie Nukta simu. Hakuomba msimbo. Alimweleza habari ya ule mstari, ya Mama Cherehani, ya cherehani iliyogeuka meza. Akamwambia pia kwamba alimwita mwizi nyuma ya mgongo wake, na kwamba amekosa.

Kisha akazungumza Nukta. Alisema zamani aliwahi kuandika programu kwa kampuni moja, akakabidhi kila kitu bila kuandikiana, wakaiuza kwa kampuni nyingine sita kwa jina jingine, na alipokwenda kuuliza walinzi hawakumfungulia geti. Alipopewa fomu ya Fundi aliusoma mstari wa chini mara mbili. Alifurahi, akafikiri hatimaye amempata mtu anayejua kutengeneza kitu ni nini.

“Ulipotaja mikono ya shati, niliumia,” akasema. “Nilidhani wewe unajua.”

“Nilijua upande mmoja,” Fundi akamjibu.

Baada ya siku nane Nukta alikuja na karatasi mbili, zimeandikwa kwa maneno ya kawaida. Msimbo unabaki wake. Karakana ya baba na karakana ya binti zinapewa nakala ya msimbo, na ruhusa ya kuutumia, kuunakili na kuugeuza kwa ajili ya miguu ya watu, siku zote, bila kuuza. Maarifa ya kwenye daftari yanabaki ya familia, naye hatayapeleka kwingine bila kuwauliza. Fundi alimwomba Wakili azisome kwa sauti mara mbili, kisha binti akamshika mkono akamwelekeza mahali pa kutia saini. Hakupata alichokitaka. Alitaka iwe yake, amwachie mwanawe kama mtu anavyoacha nyumba. Alipata ruhusa, na alishajua sasa ruhusa ikinyimwa inamfanya nini mtu.

Wiki ileile binti alikaa na rula na kalamu, akaufuta mstari wa chini kwenye fomu zote zilizobaki, moja baada ya nyingine. Wagonjwa wakapelekewa habari kwamba anayetaka kalibu yake aje aichukue. Wakili alikuwa wa kwanza. Sasa kalibu yake inakaa juu ya mafaili yasipeperuke, na wateja wake wanaiogopa. Wengine hawakuja, wengine walikuwa wamekwisha kufa na ndugu ndio waliokuja. Mzee mmoja alifuata kalibu ya marehemu mkewe. Aliipangusa vumbi kwa kiganja, akakaa nayo kwenye benchi mpaka karakana ikafungwa. Rafu zikabaki na mapengo, na Fundi alizoea kuyapapasa akipita.

Binti alihama. Alimpata kijana wa kuugeuza msimbo, wakafanya kazi miezi minne, huku Nukta akijibu maswali yao kwa simu kila alipopata nafasi. Hesabu za watoto zilipokamilika, vigutu vyepesi navyo vikapata hesabu zake. Kufikia hapo Fundi alibakiwa na mwanga tu, bila umbo la kitu. Asubuhi alifunguliwa karakana na msaidizi, akakaa kwenye kigoda alichokuwa akikalia Nukta, akasikiliza watu wanavyoingia.

Siku moja mchana simu ikalia. Alikuwa binti. Hakusalimia, alisema tu, “Baba, sikiliza,” kisha akaisogeza simu karibu na kitu.

Fundi akasikia cherehani. Kwanza polepole, ikasimama, ikaanza tena, halafu ikashika mwendo. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, hakuyafuta, maana hakukuwa na haja. Alisikiliza ule mkanyago mpaka akautenganisha, kulia na kushoto, kulia na kushoto.

Binti aliporudi kwenye simu, akamkuta baba amekwisha kusafisha koo.

“Kushoto kunachelewa kidogo,” Fundi akasema. “Mpunguzie kisigino, unene wa ukucha tu. Na kalibu mpya umempa?”

“Iko pale, juu ya redio yake.”

“Haya, mama,” akamwambia binti yake. “Basi kazi imekwisha.”